Kanda ya Mzee Warfa

Mtu akikuambia mji wa Garissa haujawahi kuwa na bendi ya panki, usimbishie sana, maana nusu ya ukweli anao. Bendi ilikuwapo kwa wiki kumi na moja mwaka wa 1993, ikapiga mbele ya watu mara moja tu, na wengi waliokuja kuisikiliza walikuja na mbuzi wao. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo yake. Naitwa Jillo, Mmunyoyaya wa hapa hapa kando ya Tana, na nimekuwa nikitengeneza redio katika kibanda changu Soko Mugdi tangu nilipoacha shule. Lakini si bendi iliyonikalisha kitako kuandika. Ninachotaka kuandika ni maisha ya Billow Warfa, mwimbaji wetu, ambaye leo anauza maji kwa mkokoteni wa punda, na ambaye nilimkosea kosa ambalo neno samahani halilitoshi.

Billow alitoka Banissa, mbali kule Mandera, mtoto wa kiume wa pekee wa Mzee Warfa, mfugaji wa ngamia. Mwaka wa 1991 mzee alimpandisha lori pamoja na mafahali wa kuuzwa katika soko la mifugo la Garissa, akamwagiza arudi na lori lile lile akiwa na dawa ya ngamia, kwa kuwa ngamia walikuwa wameanza kudhoofu kwa ugonjwa. Dawa ilirudi. Billow hakurudi. Alimkabidhi dereva, bwana mmoja aitwaye Abdinur, akamwambia amweleze mzee kwamba yeye angefuata safari ya pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hajawahi kuona mto wenye maji mwaka mzima, wala banda la video, wala barafu. Mimi simlaumu. Nilimpa nafasi ya kulala nyuma ya kibanda changu kwa sababu alikuwa mcheshi na alijua kunyamaza nikiwa na kazi, na watu wenye sifa hizo mbili ni wachache.

Safari ya pili ikawa ya tatu, ikawa ya kumi. Kila Abdinur alipokuja alileta salamu za mzee, na kila mara zilikuwa fupi kuliko za mara iliyotangulia. Halafu ukame wa 1992 ukaingia. Wenye wana watatu au wanne waligawana kazi, huyu kisimani, huyu malishoni. Mzee Warfa alikuwa peke yake na alizifanya zote. Ngamia walikufa mmoja mmoja. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata Abdinur alifika kibandani asubuhi, akakataa kuketi, akamwambia Billow kwamba baba yake amefariki, na kwamba siku mbili kabla ya kufa alikuwa amemwachia maneno. Kisha akatoa kanda mfukoni.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wageni wa huku huenda hawalijui. Wasomali wa wakati ule hawakuandikiana barua, walizungumza kwenye kaseti. Mama alikaa mbele ya redio, akasalimu, akataja watoto wote kwa majina, akaeleza mvua na mifugo na nani kaoa, kisha kanda ikapewa dereva. Aliyeipokea alisikiliza na jamaa zake wote, halafu akarekodi majibu yake juu ya maneno yale yale, na kanda ikarudi ilikotoka. Kanda moja iliweza kwenda Dadaab na kurudi mara ishirini. Hakuna aliyeona hasara, kwa sababu maneno yalikuwa yameshafika. Lakini kama ulitaka maneno yasifutwe, ulivunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, na baada ya hapo redio yoyote ilikataa kurekodi juu yake.

Kanda ya Mzee Warfa ilikuwa imevunjwa vijino. Ilikuwa wosia wake, wenyewe wanauita dardaaran, na kila mtu anajua uzito wa neno la mzazi aliye kitandani. Ndani ya ile kanda mlikuwa na moja kati ya mambo mawili: ama mzee alikuwa amempa mwanawe radhi, ama alikuwa amemlaani. Hakuna la tatu. Na mtu aliyelaaniwa na mzazi, kwa Wasomali na kwetu pia, hafanikiwi, na wanawe hawafanikiwi.

Billow aliiogopa ile kanda, nasema wazi. Aliizungushia kitambaa akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la bati. Alijiambia angeisikiliza Idi ikipita. Idi ilipita. Akasema mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Shamso, msichana aliyeuza maziwa ya ngamia mbele ya kibanda changu na ambaye Billow alikuwa amemwahidi ndoa, alimwambia kila siku, mimi nisiposikia, asikilize, amalize, waendelee na maisha. Billow alikuwa akicheka na kuomba maziwa.

Mimi sikujua kwamba hajaisikiliza. Ndiyo, nilijua kanda imekuja, lakini baada ya miezi kadhaa nilidhani ameshaisikiliza zamani. Nani anakaa miezi sita na sauti ya baba yake bila kuifungulia? Hilo ndilo nililojitetea nalo, na lingekuwa utetezi mzuri kama si vile vijino.

Sasa bendi. Mhandisi mmoja wa visima, mgeni kutoka ng'ambo, aliniletea redio yake mwezi wa sita, na ndani yake alikuwa amesahau kanda ya muziki wa panki, ingawa jina hilo sikulijua bado. Nilipoiwasha nikadhani spika imepasuka. Nikaifungua redio, nikabadilisha spika, kelele ni ile ile. Nikasafisha kichwa cha kusomea, wapi. Nilipoteza siku nzima kutengeneza redio nzima isiyo na ubovu wowote. Aliyeniokoa ni Nunow, mkimbizi kutoka Kismayu aliyewahi kupiga gita katika hoteli za huko kabla ya vita, na aliyevuka mpaka na gita lake la umeme likiwa limeshonewa ndani ya godoro. Alisikiliza kidogo akaniambia niache kuhangaika, kwamba hivyo ndivyo wenyewe walivyotaka iwe. Billow alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. Aliomba nirudishe mwanzo.

Alisikiliza kanda ile mara nne mfululizo. Hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa kwamba mtu anaruhusiwa kupiga kelele kuhusu kitu kinachomuuma, na hapo ndipo yote yalipoanzia. Leo najua kwamba Billow aliimba kwa sababu hakuweza kusikiliza.

Mpiga ngoma wetu alikuwa Mahat, ambaye baba yake alikuwa na ghala la ngozi karibu na machinjio. Tulifanya mazoezi humo, katikati ya ngozi mbichi zilizotiwa chumvi, kwa sababu harufu yake ilikuwa inatosha kumzuia mtu yeyote asije kutuuliza tunafanya nini. Mahat alitengeneza ngoma kwa mapipa na ngozi za mbuzi alizomwibia mzee wake, na matoazi yake yalikuwa vifuniko vya madebe ya mafuta ya msaada. Amplifaya niliunda mimi. Tuliita bendi Abaar, yaani ukame. Tulikuwa na nyimbo tano. Mmoja uliitwa "Toa Kipande", kuhusu kizuizi cha darajani ambako kila mtu wa kwetu aliteremshwa kwenye basi na kuulizwa kitambulisho kana kwamba amezaliwa jana. Mwingine ulihusu foleni ya mahindi. Wa mwisho aliutunga Billow mwenyewe, unaitwa "Mimi si Ngamia Wako", na alikuwa akimwimbia baba yake. Aliimba kwa Kiswahili makusudi. Alisema mzee hakukijua Kiswahili, kwa hiyo hata kule aliko hataelewa.

Tulipiga Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mchana, uwani mwa hoteli iliyo karibu na soko la mifugo. Kipaza sauti kilikuwa kile chenye umbo la tarumbeta ambacho watu wa idara ya mifugo hufunga juu ya gari wakitangaza chanjo. Nilikuwa nimeletewa nikitengeneze na nikakichelewesha siku mbili kwa maslahi ya sanaa. Hilo lilikuwa kosa. Wafugaji walisikia sauti ya kipaza sauti wanachokijua wakati Nunow anajaribu mitambo, wakaleta mbuzi wao wapigwe sindano. Uwanja ukajaa. Tulijivuna sana kwa dakika chache.

Kabla hatujaanza, Mahat alikumbuka kwamba hatuna kanda ya kurekodia. Madukani zilikuwa zimekwisha. Nilikimbia kibandani, nikapekua meza yangu, sikupata. Nikafungua sanduku la Billow, ambalo halikuwa na kufuli kwa sababu tuliaminiana, na chini ya nguo nikakuta kanda ndani ya kitambaa. Niliitia kwenye redio. Nilisikia mzee akikohoa, akasema bismillahi. Nikajiambia ni barua, imeshasikilizwa, na barua iliyosikilizwa ni kanda tupu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, kikakataa. Niligeuza kanda nikaona vijino vimevunjwa.

Hapo ningepaswa kusimama. Kila fundi wa redio wa mkoa ule anajua maana ya vijino vilivyovunjwa, na mimi nilikuwa nimewavunjia wateja kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwaambia sasa maneno ya mama yenu hayagusiki. Lakini kijana akiwa na haraka huona sheria ni za wengine. Nilichana karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, nikaitafuna ikawa laini, nikaziba matundu mawili. Redio ikakubali, nikaibeba nikarudi nayo mbio hotelini.

Billow aliimba kuliko nilivyowahi kumsikia akiimba ghalani. Katika wimbo wa kwanza mbuzi walikimbia na wenyewe wakawafuata wakitutukana. Walibaki watu kama thelathini, wengine wakicheka, wengine wamefumba masikio, na wazee watatu waliosimama na bakora zao wakituangalia kwa huzuni ambayo iliniudhi wakati ule. Katikati ya "Mimi si Ngamia Wako" akaingia polisi kutuuliza kibali. Hatukuwa na kibali. Billow hakuacha kuimba, kwa hiyo polisi akaipiga teke redio iliyokuwa ikirekodi, ikazimika, akang'oa nyaya. Tulikuwa tumepiga kwa dakika ishirini na mbili. Nilimlaani yule polisi kwa kutukatiza mapema. Niliirudisha kanda mwanzo pale pale, nikaiweka mfukoni.

Asubuhi ya Jumapili Billow aliamka na uso ambao sikuwa nimeuona tangu Abdinur alete msiba. Alioga, akavaa shati safi, akamwita Shamso aje aketi nasi. Akasema jana alikuwa amepiga kelele yote aliyokuwa nayo, sasa kifua ni chepesi, na leo anaweza kumsikiliza mzee. Akafungua sanduku.

Mimi mpumbavu bado sikuelewa. Nilipomwona anatoa nguo moja moja, nilidhani anatafuta kanda ya onyesho letu. Nikamwambia kwa furaha kwamba ninayo mimi, nikaitia redioni, nikabonyeza. Ngoma za Mahat zikaanza. Billow alisimama pale na kitambaa kitupu mkononi hadi wimbo wa kwanza ulipokaribia kwisha, halafu akanyoosha mkono mwenyewe na kuizima. Kiswahili chake kilikuwa na p zinazogeuka b na v zinazogeuka f, na alipofadhaika zaidi; mimi aliniita walaal, yaani ndugu, na baba yake aabo.

"Jillo, walaal. Hii kanda umetoa wabi?"

"Kwenye sanduku lako."

"Hii ni ya aabo," akasema. "Imebaki kitu?"

Nilijua jibu la haki lilikuwa kukaa na kuisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho. Lakini niliona aibu, nilitaka ile dakika ipite. Nilimwambia hakuna kilichobaki, imefutika yote. Tuligeuza upande wa pili tukakuta mvumo wa hewa tu, haukuwahi kurekodiwa. Shamso alijifunika uso kwa mtandio. Billow hakunipiga, na mpaka leo natamani angenipiga.

Bendi ikafia hapo, hakuna aliyetangaza. Wiki mbili baadaye kukawa na msako wa wakimbizi mjini na Nunow akapelekwa Dadaab. Billow alimfuata hadi kwenye lori akampa ile kanda. Alisema hawezi kuichoma kwa sababu sauti ya baba yake iliwahi kulala humo, na hawezi kukaa nayo kwa sababu sauti yake mwenyewe imekaa juu yake.

Mwaka wa 1994 Billow alirudi Banissa kwa mara ya kwanza. Hakuwa na ngamia wa kuwaona, alikwenda kumtafuta mtu aliyerekodi. Alikuwa mwalimu mmoja aitwaye Hanad, mwenye redio ya pekee katika kijiji kile. Hanad alimpokea vizuri, akamchinjia, lakini la kumwambia hakuwa nalo. Alieleza kwamba alibonyeza kitufe, akaweka redio karibu na mdomo wa mzee, akatoka nje na kukaa mbali, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Maneno ya mzazi kwa mwanawe ni amana, hayasikilizwi na mwingine. Alirudi alipoitwa. Kisha akavunja vijino vya kanda kwa kisu, kwa amri ya mzee mwenyewe. Billow alimuuliza uso wa mzee ulikuwaje. Hanad akasema ulikuwa uso wa mtu anayekufa.

Alirudi Garissa akanunua punda. Hakuimba tena, hata kwa kujisahau akiwa kazini. Shamso alimsubiri, na kusubiri kwake nilikuona kwa macho yangu, kila siku pale mbele na madumu yake ya maziwa. Posa zilimjia akazikataa. Mwaka wa 1997 alimjia Billow kibandani kwangu mchana, mbele yangu, akazungumza kwa Kiswahili ili nami niwe shahidi.

"Mimi naolewa na wewe," akasema. "Siolewi na baba yako."

Billow alimjibu kwa upole kwamba kama amelaaniwa, laana haitaishia kwake, itaingia kwa watoto, na hatamfanyia Shamso hivyo kwa kubahatisha. Shamso akamuuliza je, kama alipewa radhi? Billow akasema basi radhi hiyo imekuwa ikimsubiri miaka minne na hana namna ya kuifungua. Wakati wote huo hakuniangalia. Shamso aliolewa kijijini Kotile kabla mwaka haujaisha, na mimi ndiye niliyembebea masanduku hadi kwenye gari.

Mwisho wa mwaka huo mvua kubwa zikaja, Tana ikafurika ikameza mashamba yetu, na nyuma ya mafuriko yakaja maradhi yaliyofagia mifugo ya mkoa mzima. Punda wa Billow alikufa pia. Kila mtu alipoteza mnyama mwaka ule, waliobarikiwa na waliolaaniwa, lakini Billow alihesabu punda wake kuwa ushahidi. Alivuta mkokoteni kwa mikono yake miezi saba mpaka akapata punda mwingine. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba ana laana haishiwi na ushahidi.

Wenzetu nao walikwenda njia zao. Mahat, ambaye alikuwa akipiga mapipa ya "Toa Kipande" mpaka jasho linamfika viatuni, aliajiriwa kuwa askari, na kwa ucheshi wa serikali akapangiwa kizuizi cha darajani. Siku moja Billow alikuwa anarudi kutoka Nairobi kutafuta magurudumu ya mkokoteni. Mahat alimteremsha kwenye basi pamoja na wengine akamwomba kitambulisho, akakisoma chote, akakigeuza nyuma, akamrudishia bila kumtaja jina. Bosi wake alikuwa amesimama karibu. Baadaye alinijia kibandani akalia, akasema ana watoto. Nilimwambia simhukumu, na kweli, mimi ni nani wa kumhukumu?

Nunow alikaa kambini miaka sita. Nyuzi za gita zilikatika moja moja na hakuna pa kupata nyingine. Shirika moja lilimpa kazi ya kupima mikono ya watoto wachanga kwa utepe wa rangi, nyekundu ikiwa mtoto amekonda kupita kiasi, na aliniambia kwamba vidole vyake vilikuwa vimejifunza kujua rangi kabla ya kuangalia. Mwaka huu wa 1999 jina lake lilitoka kwenye orodha ya watu wanaopelekwa ng'ambo, nchi ya baridi. Akiwa njiani alipita kuniaga. Alifungua mkoba, akanipa ile kanda. Alisema hakuwahi kuipiga, kambini kila redio ina majirani hamsini, na sasa anakoenda hataki kwenda na kitu kinachopiga kelele.

Niliiweka rafuni siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa ninaunga waya za redio ya mteja, mikono yote miwili imeshikwa na risasi ya kulehemu, na redio yangu inacheza kanda hiyo kwa sababu nilitaka kujikumbusha ujana. Ilikuwa mbaya kuliko nilivyokumbuka. Ikafika "Mimi si Ngamia Wako", ikafika polisi, ikafika teke. Ningekuwa na mkono huru ningeizima hapo, kama Billow alivyoizima mapema zaidi. Sikuwa nao.

Baada ya teke kulikuwa na mkwaruzo, kisha upepo. Upepo wa mahali pengine. Kengele ya mbao ya ngamia ikagonga mara mbili, na mzee akavuta pumzi.

Kwa Kisomali, polepole, alisema: "Hivyo ndivyo ilivyo kati yangu na wewe, Billow. Nimemaliza. Yashike haya, usiyapoteze." Akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akaita, "Hanad, njoo. Imeingia?"

Nyayo zikasikika zikikaribia, na sauti ya kijana ikajibu kwa heshima ya mtu na ami yake, "Imeingia yote, adeer." Halafu kitufe.

Nilikaa. Risasi ilipoa kwenye waya. Nilifikiri kuhusu yule polisi niliyemlaani kwa kuja mapema. Angekuja wimbo wa kwanza tungekuwa na wosia karibu wote, na angechelewa dakika tano tu, hata hili lisingebaki. Nilifikiri pia kuichoma, kwa sababu kumpa mtu mwenye kiu chupa iliyobaki unyevu tu ni ukatili. Lakini nilikuwa nimeshamwamulia mambo yake mara mbili, mara moja kwa kuziba yale matundu na mara moja kwa kusema imefutika yote.

Billow hunijazia pipa la maji kila asubuhi, tangu 1994, na sijawahi kujua kama ni msamaha au ni adhabu. Alipofika nilimwambia aache dumu, aingie. Nilimweleza kilichotokea bila kupunguza. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akafuta mikono yake kwenye kikoi, nikabonyeza.

Alisikiliza mara moja, akarudisha mwenyewe, akasikiliza tena. Mara ya tatu alisogeza sikio mpaka likagusa spika.

"Amechoka," akasema. "Mtu ya kulaani hachoki hifi." Akafikiri. "Ama anachoka. Sijui. Wewe, walaal, unasikia namna gani?"

Nilijua nikimwambia nasikia radhi, ataniamini, kwa sababu alitaka kuniamini. Macho yake yalikuwa yananiomba. Labda mtu mwema kuliko mimi angesema hivyo. Nilimwambia ukweli, kwamba nasikia mzee anamaliza kusema, na sijui alichosema.

Billow alitikisa kichwa kukubali. Aliitoa kanda redioni, akaigeuza, akaona yale matundu mawili niliyoyaziba miaka sita iliyopita. Kwa ukucha wa kidole gumba alikwangua karatasi ikatoka, tundu la kwanza, kisha la pili, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Akaipulizia kanda vumbi na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Alisema bado ana madumu manne ya kupeleka hotelini, akatoka, na nikamsikia akimsemesha punda wake. Zile karatasi mbili alikuwa ameziacha mezani pangu, bado zimejikunja vile nilivyozitafuna.